Mkutano wa Watungaji wa Hadithi za Sayansi: Ni Nini, na Una Faida Gani?

Leo naomba nafasi nieleze jambo ambalo wengi hapa shuleni hawajapata kulisikia, nalo ni mikutano mikubwa ya waandishi na wasomaji wa hadithi za sayansi. Mimi mwenyewe sijapata kuhudhuria mkutano wa namna hiyo. Ninayoyaeleza nimeyasoma katika vitabu alivyoniazima mwalimu wetu wa Kiingereza, na katika habari walizoziandika watu waliohudhuria. Nimelichagua jambo hili kwa sababu mbili. Kwanza, lina mafunzo. Pili, nimefanya kosa katika habari hii, hapa hapa shuleni, nami nitalikiri mwishoni ili lisimpate mwingine.

Kabla ya kueleza mkutano, yafaa tueleze hadithi zenyewe. Watu wengi wakisikia habari za hadithi za sayansi hudhani ni porojo za majini waliovaa kofia za chuma. Sivyo. Katika ngano za bibi zetu sungura husema, wala hapana anayeuliza kwa nini anasema. Lakini katika hadithi ya sayansi sungura akisema, mwandishi lazima atuambie koo lake lilibadilishwaje, nani alilibadilisha, na jambo hilo limeleta faida au hasara gani kijijini. Yaani mwandishi hushika jambo moja linalojulikana katika sayansi, kisha huuliza: je, likiendelea hivi, itakuwaje? Kwa hiyo hadithi hizi ni za kubuni, lakini zimefungwa kamba mguuni, na kamba hiyo ni ukweli wa maumbile.

Mfano mzuri ni Bwana Arthur C. Clarke wa Uingereza. Mwaka 1945 aliandika makala katika gazeti la mafundi wa redio. Alieleza kwamba chombo kikizungushwa juu ya ikweta, umbali wa yapata kilomita 36,000 kutoka ardhini, kitakwenda sawasawa na mzunguko wa dunia, hata mtu aliye chini atakiona kimesimama mahali pamoja. Akasema vyombo vitatu vya namna hiyo vingetosha kupeleka habari karibu dunia nzima. Wakati ule hapakuwa na chombo hata kimoja kilichokuwa kikiizunguka dunia. Mwaka 1964 chombo cha namna hiyo kilipeleka picha za Michezo ya Olimpiki kutoka Tokyo mpaka Marekani. Makala ile haikuwa hadithi, lakini aliyeiandika alikuwa mtu aliyekua akisoma hadithi za sayansi, na kukutana na wenziwe waliozisoma. Hapo ndipo tunapoingia katika habari ya mikutano.

Mikutano hii ilianza kwa barua. Mwaka 1926 Bwana Hugo Gernsback, mzaliwa wa Luxembourg aliyehamia Marekani, alianzisha gazeti lililoitwa Amazing Stories, nalo lilikuwa la hadithi za sayansi tu. Bwana huyo alichapisha barua za wasomaji pamoja na anwani zao kamili. Basi wasomaji wakaanza kuandikiana wao kwa wao, kama sisi tunavyotafuta marafiki wa kalamu katika shule nyingine. Mtu aliyedhani kwamba katika mji mzima yeye peke yake ndiye anayependa mambo hayo, akagundua kwamba mtaa wa pili yuko mwenzake. Wakaunda vyama, na vyama vikaanza kualikana. Tarehe 3 Januari 1937 watu wasiozidi 20 walikutana katika mji wa Leeds, Uingereza, na mmoja wao alikuwa Bwana Clarke niliyemtaja, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ametimiza miaka 19. Wengi huhesabu mkutano ule kuwa miongoni mwa mikutano ya kwanza kabisa ya namna hii.

Ama mkutano uliopewa jina la Mkutano wa Dunia, wa kwanza ulifanyika New York tarehe 2 mpaka 4 Julai 1939. Mwaka huo palikuwa na maonyesho makubwa mjini humo, na neno kuu la maonyesho lilikuwa Dunia ya Kesho; ndiyo maana vijana wapenzi wa hadithi hizi waliona wakati umewadia. Walikusanyika watu yapata 200 katika ukumbi wa kukodi. Mgeni wa heshima hakuwa mwandishi, bali alikuwa mchoraji, Bwana Frank R. Paul, ambaye picha zake juu ya majalada ya magazeti ziliwafanya vijana wengi watoe senti zao mfukoni. Bwana mmoja aitwaye Forrest Ackerman na mwenziwe Bibi Myrtle Douglas walikuja wamevaa mavazi ya karne zijazo, na Bibi Douglas ndiye aliyeyashona. Watu waliwakodolea macho. Leo maelfu ya watu hufanya hivyo katika mikutano, wala hawashangaliwi.

Sasa nataka mnisikilize vizuri, hasa ninyi mnaosema kwamba mambo makubwa ni ya watu wakubwa. Katika mkutano ule alikuwako kijana wa miaka 18, jina lake Ray Bradbury. Alikuwa amemaliza shule ya sekondari mwaka mmoja kabla, na kwa kuwa kwao hapakuwa na fedha, hakwenda chuo. Kazi yake ilikuwa kuuza magazeti pembeni mwa barabara katika mji wa Los Angeles, na masomo yake aliyapata katika maktaba ya watu wote. Kutoka Los Angeles mpaka New York ni kilomita 4,500 hivi, yaani ni karibu sawa na kutoka Dar es Salaam mpaka Mwanza mara nne. Nauli hakuwa nayo. Alikopeshwa na yule Bwana Ackerman aliyevaa mavazi ya ajabu. Akapanda basi, akaenda.

Je, alichukua nini mkononi? Wengine wangebeba maandiko yao wenyewe tu. Yeye alibeba picha za rafiki yake Hannes Bok, mchoraji maskini ambaye asingeweza kusafiri. Alipofika New York alizunguka na picha zile kwa wahariri, na mhariri wa gazeti la Weird Tales akazipenda, akaanza kumpa Bwana Bok kazi. Hivyo ndivyo mchoraji yule alivyopata mlango, ingawa mwenyewe hakuwako. Bwana Bradbury mwenyewe alirudi bila kuuza hadithi hata moja. Hadithi yake ya kwanza kulipiwa na gazeti la biashara ilitoka mwaka 1941, nayo aliiandika pamoja na mwenzake. Lakini alikuwa amekwisha kuwaona wahariri na waandishi kwa macho, akajua kwamba ni watu wenye pua na masikio kama yeye. Baadaye aliandika vitabu vilivyosomwa ulimwenguni kote. Alifariki mwaka 2012, na mwaka huo huo gari la uchunguzi lilipotua katika sayari ya Mars, mahali lilipotua pakapewa jina lake.

Kwa hiyo faida ya kwanza ya mkutano ni hii: hupunguza umbali. Msomaji aliye mbali humwona mwandishi, akapata moyo wa kujaribu.

Lakini mkutano ule ulikuwa na jambo baya, nalo halifichwi katika historia. Palikuwa na ugomvi kati ya vyama viwili vya vijana wa New York. Waliosimamia mkutano walikuwa wa upande mmoja. Siku ya kwanza walikuta furushi la vijikaratasi vya kuwaonya watu juu ya uongozi wao, wakadhani wapinzani wamekuja kuleta fujo. Basi wakasimama mlangoni, wakawazuia vijana sita wasiingie. Miongoni mwa sita hao alikuwa Donald Wollheim, ambaye baadaye alianzisha kampuni ya kuchapisha vitabu vya namna hii mwaka 1971, na Frederik Pohl, ambaye aliishi kuwa mhariri na mwandishi aliyepata tuzo nyingi. Yaani kwa hasira ya siku moja, wenye mkutano waliwafungia nje watu ambao wangeijenga kazi hiyo kwa miaka mingi.

Kijana wa saba wa chama kile aliingia. Jina lake lilikuwa Isaac Asimov, umri wake miaka 19, mtoto wa mhamiaji kutoka Urusi aliyekuwa na duka la peremende na magazeti. Hakuzuiwa, naye akaketi ndani, na wenzake walikuwa nje. Bwana huyo alikuja kuwa mmoja wa waandishi mashuhuri kabisa, na katika habari za maisha yake hakulificha jambo hilo. Mimi nilipolisoma nililifunga jalada la kitabu, nikakaa kimya muda mrefu. Sababu yake mtaijua.

Sasa nieleze mikutano hiyo ilivyo siku hizi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ilisimama, kuanzia mwaka 1942 mpaka 1945, kisha ikaanza tena mwaka 1946, na tangu hapo hufanyika kila mwaka. Haina makao ya daima. Wanachama hupiga kura, kwa kawaida miaka miwili mbele, kuchagua mji utakaofuata. Imefanyika London mwaka 1957, Yokohama mwaka 2007, Chengdu katika nchi ya China mwaka 2023, Glasgow mwaka 2024, na Seattle mwaka 2025. Wanaohudhuria ni watu elfu kadhaa, nayo huchukua siku tano hivi. Jambo lililonishangaza ni kwamba si serikali wala si kampuni inayoiendesha. Wapenzi wenyewe huunda kamati, hukodi kumbi, hupanga ratiba, hubeba viti. Hata mwenyekiti hapokei mshahara. Kila mtu hulipa ada ya uanachama, na kwa ada hiyo mkutano huendeshwa.

Kazi za mkutano ni za namna nyingi. Katika vyumba vingi kwa wakati mmoja watu wanne au watano huketi mbele na kujadiliana juu ya jambo moja, kwa mfano namna ya kuandika juu ya safari ya angani bila kukosea hesabu, kisha wasikilizaji huuliza maswali. Katika chumba kingine mwandishi husoma kwa sauti hadithi ambayo haijachapishwa. Wengine hupanga foleni ili vitabu vyao vitiwe saini. Yako maonyesho ya picha, ziko sinema, na yako mashindano ya mavazi usiku. Lakini waandishi wengi waliosimulia habari zao husifu zaidi meza ndogo, ambapo watu kumi hivi huketi na mwandishi mmoja, wakanywa kahawa na kuongea naye kama anavyoongea mtu na jirani. Hapo hapana jukwaa. Huyu huuliza, yule hujibu, na mara nyingine mwandishi ndiye anayeuliza.

Siku moja jioni hutolewa tuzo ziitwazo Hugo, kwa kumkumbuka yule Bwana Gernsback aliyechapisha anwani za wasomaji. Zilitolewa kwanza mwaka 1953 huko Philadelphia. Tuzo yenyewe ni mfano wa roketi iliyosimama. Wanaochagua washindi si mahakimu watano waliojifungia chumbani, bali ni wanachama wa mkutano kwa kura zao. Kwa hiyo msomaji wa kawaida ana kura sawa na mwandishi aliyeandika vitabu mia.

Mtu asidhani, hata hivyo, kwamba mlango uliofungwa mwaka 1939 ulikuwa wa mwisho. Yako milango isiyoonekana kwa macho. Bwana Samuel Delany, Mmarekani mweusi, ameandika kwamba katika miaka ya 1960 mhariri mmoja mkubwa, John W. Campbell, alikikataa kitabu chake kwa kuona kwamba wasomaji hawatapenda hadithi ambayo mtu wake mkuu ni mweusi. Bwana Delany hakuacha kalamu. Mwaka 1970 alipewa tuzo ya Hugo. Mwaka 1984 Bibi Octavia Butler akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Mwaka 2016 Bibi N. K. Jemisin akawa mtu mweusi wa kwanza kuipata kwa kitabu kirefu, akaipata tena mwaka 2017 na mwaka 2018, mfululizo, jambo ambalo hapana mwandishi mwingine wa vitabu virefu aliyekuwa amelifanya kabla yake. Na tuzo ya waandishi wapya iliyobeba jina la Bwana Campbell ilibadilishwa jina baada ya mshindi wa mwaka 2019 kusema wazi wazi jukwaani, katika mkutano wa Dublin, habari za mawazo mabaya ya bwana huyo.

Bibi Nnedi Okorafor, ambaye wazazi wake ni Wanigeria, amesimulia habari nyingine. Mwaka 2011 alipata Tuzo ya Dunia ya Hadithi za Ajabu, ambayo hutolewa katika mkutano mwingine wa jamii hii. Tuzo hiyo wakati ule ilikuwa sanamu ya kichwa cha mwandishi wa zamani, H. P. Lovecraft. Baadaye Bibi Okorafor akaonyeshwa shairi ambalo Bwana Lovecraft aliliandika kuwatukana watu weusi. Fikirini! Heshima kubwa ya kazi yake ilikuwa imekaa nyumbani mwake katika sura ya mtu ambaye asingemhesabu kuwa binadamu kamili. Hakuitupa, wala hakunyamaza. Aliandika, akawauliza waandishi wengine wanafanyaje. Mmoja, Bwana China Miéville wa Uingereza, akamjibu kwamba ya kwake ameigeuza ikaangalia ukuta, naye anaandika nyuma ya mgongo wake. Mwaka 2015 ikatangazwa kwamba sanamu hiyo haitatumika tena.

Tena uko mlango wa viza. Mwaka 2022 mwandishi wa Nigeria, Bwana Oghenechovwe Donald Ekpeki, alikuwa katika orodha ya wanaogombea tuzo za Hugo huko Chicago. Alipoomba viza alikataliwa. Watu wengi wa nchi mbalimbali walipaza sauti, akaomba mara ya pili, akapewa, akahudhuria. Lakini si kila mtu ana watu wa kumpazia sauti. Mpaka kufika mwaka 2025 Mkutano wa Dunia ulikuwa haujapata kufanyika katika bara letu hata mara moja. Kwa sababu hiyo waandishi wa Afrika waliunda chama chao mwaka 2016, na mwaka 2017 wakaanza kutoa tuzo zao wenyewe, ziitwazo Nommo, jina lililotoka katika imani za Wadogoni wa Mali. Hawakukaa wakingoja mlango ufunguliwe. Walijenga nyumba nyingine, na hapo hapo wakaendelea kubisha ile ya kwanza.

Huenda msomaji akauliza: mambo haya yanatuhusu nini sisi tunaosema Kiswahili? Nitajibu kwa mambo matatu. La kwanza, mwaka 2016 kitabu kifupi kilichopata tuzo ya Hugo kiliandikwa na yule yule Bibi Okorafor, na jina lake ni Binti. Ni neno letu kabisa. Ni habari ya msichana wa Wahimba wa Namibia, hodari wa hesabu, anayeondoka kwao kwa siri kwenda kusoma katika chuo kilichoko sayari nyingine, naye ni wa kwanza katika watu wake. Mwanafunzi yeyote aliyekuwa wa kwanza katika ukoo wake kupanda basi na sanduku la bati kwenda shule ya bweni ataielewa hadithi hiyo bila kufundishwa. La pili, mwaka 2009 Bibi Wanuri Kahiu wa Kenya alitengeneza sinema fupi juu ya wakati ambapo maji yamekwisha duniani, akaiita Pumzi. Na la tatu si hadithi. Tarehe 12 Desemba 1970 chombo cha kuchunguza nyota kilirushwa kutoka jukwaa lililoko baharini karibu na Malindi, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, kikapewa jina la Uhuru. Basi neno la Kiswahili lilikwisha kupanda angani kabla wazazi wetu wengi hawajazaliwa. Haifai sisi tubaki chini tukisema kwamba mambo ya anga si yetu.

Sasa nafika kwenye kosa langu.

Mwanzoni mwa mwaka huu wanafunzi tisa wa Kidato cha Tatu na cha Nne tulianza kukutana kila Jumamosi baada ya chakula cha jioni, katika chumba cha jiografia. Kila mmoja alisoma hadithi ya sayansi aliyoitunga, na wengine walimkosoa. Juma la tatu wakaja wavulana wa Kidato cha Kwanza, wapata sita. Mmoja wao alicheka wakati mwenzetu akisoma, na mwenzetu yule akakasirika. Tukaafikiana kwamba wadogo wasiingie tena. Tulisema wana kelele, na kwamba chumba hakitoshi. Ukweli ni kwamba tuliona fahari kuwa na mahali pasipoingiwa na kila mtu. Mimi ndiye niliyewekwa mlangoni, na mimi ndiye niliyesukuma benchi likaegemea mlango kwa ndani.

Majuma mawili baadaye, tukiwa katikati ya kusoma, nilimwona mtu dirishani. Alikuwa mvulana wa Kidato cha Kwanza, amesimama gizani juu ya tofali, anasikiliza. Nikamfukuza. Aliondoka bila kusema neno, na tofali akaliacha pale pale. Usiku wa Jumatatu iliyofuata, wakati wa kujisomea, nikafika katika ile sura ya kitabu inayoeleza mkutano wa mwaka 1939. Ndipo nilipofunga jalada. Nilijiona mimi ni wale wenye mkutano waliosimama mlangoni. Nikajiona tena kuwa kijana wa saba, aliyeketi ndani na wenzake wako nje, maana mimi nami niliingia Kidato cha Kwanza shuleni hapa, na kaka wa Kidato cha Nne wa mwaka ule walinikaribisha katika chama cha majadiliano bila kuniuliza umri.

Jumamosi iliyofuata niliwaeleza wenzangu habari za wale vijana sita. Tulibishana sana. Kura zikawa tano kwa nne, benchi likaondolewa. Nilikwenda mwenyewe bwenini kumwita yule mvulana. Kwanza alidhani namwita kumpa adhabu. Nilimwomba radhi mbele ya wenzake, jambo ambalo halikuwa jepesi kwangu, nami nasema hivyo bila haya.

Alikuja na daftari. Kwao ni kisiwani katika Ziwa Victoria, na hadithi yake ilihusu ziwa hilo kukauka. Babu mmoja amebaki na mtumbwi wake juu ya mchanga mkavu, na kila asubuhi humketisha mjukuu wake ndani yake, akamfundisha kupiga makasia hewani, ili maji yakirudi pawepo mtu anayejua. Mmoja wetu akasema hiyo ni ndoto, ziwa kubwa namna ile haliwezi kukauka. Mvulana akafungua ukurasa wa nyuma wa daftari, akasoma: kina kikubwa kabisa cha Ziwa Victoria ni yapata mita 80 tu, na kile cha Ziwa Tanganyika hupita mita 1,400; tena wataalamu wamepima matope ya chini wakaona kwamba Ziwa Victoria liliwahi kukauka, yapata miaka 15,000 iliyopita. Akasema, "Kwa hiyo, kaka, mimi sikubuni ukame. Nilibuni babu tu." Hapana aliyecheka. Hadithi ile ilikuwa bora kuliko zote tulizosoma mwaka huu, pamoja na yangu, nayo ilikuwa imesimama nje juu ya tofali.

Wazazi wapenzi, najua kwamba mtihani wa Kidato cha Nne unakaribia, na mzazi aliyeuza mazao kulipia sanduku na magodoro ana haki ya kuuliza kama mtoto anapoteza wakati. Nasema hivi: ili kuandika hadithi moja ya kurasa nne nimelazimika kusoma sura mbili za fizikia ambazo nilikuwa nikizikimbia. Walimu wetu wanaweza kushuhudia.

Nanyi wanafunzi wenzangu, sisi hatuna nauli ya kwenda Glasgow wala Seattle, lakini tuna chumba cha jiografia, na tuna Jumamosi. Mikutano ile mikubwa ilianza na watu wachache zaidi kuliko wanaojaa bweni moja la kwetu. Nitakapoondoka shuleni hapa mwishoni mwa mwaka, chama kitabaki mikononi mwa wadogo. Naomba jambo moja tu: benchi la kile chumba likae mbele, watu wapate kukalia, wala lisirudishwe mlangoni.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne